Mkono wa Kushoto Juu ya Boneti

Kabla sijaeleza jambo lolote lililotokea, yafaa nieleze hali ilivyokuwa. Mji wa Tukuyu umekaa mgongoni mwa mlima, na mvua huunyeshea kwa miezi mingi kuliko inavyouacha. Kuanzia Juni hadi Agosti alfajiri huwa na baridi ambayo wageni kutoka Dar es Salaam huilalamikia kana kwamba sisi ndio tulioipanga. Katika saa hizo kila chenye joto hutoa mvuke mweupe: ng'ombe zizini, mama anayepanga ndizi zake sokoni, na ekzosi ya kila gari linalowashwa. Hakuna mtu wa hapa anayeshtuka kuona moshi mweupe asubuhi. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili.

Hali ya pili ilihusu magari yenyewe. Nilipoanza kazi, wilaya ya Rungwe ilitembea kwa malori ya chai, pikapu za ndizi na magari machache ya serikali ambayo kila mtu aliyajua kwa mlio. Miaka kumi na mitano hivi kabla ya kustaafu kwangu ndipo yalipoanza kupanda kwetu yale magari madogo ya muundo wa jeep: mafupi, yaliyoinuka kidogo, yenye sura ya kwenda porini na moyo wa kwenda dukani. Yalitengenezwa kwa ajili ya miji. Huko yalikotoka yalikuwa yametumika miaka saba au minane, yakavuka bahari, yakatumika tena Dar es Salaam, ndipo yakafika kwetu yakiwa yameng'arishwa. Watu waliyapenda kwa sababu zinazoeleweka. Yalipita kwenye tope la kwenda Kawetele bila kuburuza tumbo, na yalikunywa mafuta kwa kiasi ambacho mtumishi wa umma angeweza kukivumilia.

Hali ya tatu ilikuwa namna watu walivyonunua. Mnunuzi alitazama rangi, akasoma kilomita kwenye dashibodi, kisha akauliza muuzaji anasali wapi. Majibu hayo matatu yakimridhisha, alilipa. Kazi yangu ilikuwa kuongeza swali la nne.

Nilifika katika karakana ya umma ya wilaya nikitokea chuo cha ufundi, na kabla ya hapo seminari ndogo, ambako nilifundishwa Kilatini miaka minne na mapadre walioamini kwamba kitenzi kikikaa mahali pake, mambo mengine nayo yatakaa. Sikuwa padre, lakini tabia ya kuandika kila kitu na kukiandika sawasawa haikuniacha. Nilipewa nafasi chini ya Mzee Mshamu, mkaguzi wa magari, ambaye babu yake alikuja Tukuyu kutoka Kilwa na biashara ya nguo na hakurudi tena. Mzee Mshamu alizaliwa hapa, alijua Kinyakyusa kama sisi, ila aliendelea kuongea Kiswahili cha kwao, na baridi aliitukana kila siku kana kwamba aliwasili jana.

Siku ya kwanza nilikuja na spana zangu mpya, nimezipanga kwa ukubwa. Hakuzitazama. Uani kulikuwa na magari kumi.

"Pita ukayaguse maboneti," alisema. "Kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Kisha uniambie lipi limefika la kwanza na lipi la mwisho."

Nilipita mara mbili, nikarudi na orodha niliyoiandika kwenye daftari. Magari mawili niliyakosea.

"Umesoma mpaka Kilatini, mwanangu," alisema akinirudishia daftari, "lakini mkono wako haujaanza hata darasa la kwanza."

Kwa wiki tatu za mwanzo sikushika spana. Nilishika maboneti, nikanusa kijiti cha oili, nikasikiliza injini kwa kipande cha mpira wa maji ambacho upande mmoja niliuweka sikioni na upande mwingine aliusogeza yeye, huku akiniuliza nimesikia nini. Jibu la "nimesikia mlio" halikukubaliwa.

Vifaa vyake vilienea kwenye mfuko mmoja wa turubai, nami nimevitumia mpaka mwisho. Kilikuwamo kioo kidogo cha daktari wa meno, cha kuchungulia mahali ambapo kichwa hakifiki. Ilikuwamo sumaku iliyofungwa kitambaa laini: ukiipitisha kwenye bodi hushika bati, na pale isiposhika pana plasta, na palipo na plasta gari liligonga au liligongwa. Ilikuwamo tochi, ule mpira wa maji, na leso nyeupe ya kushika mbele ya ekzosi. Leso ikibaki kavu na nyeusi kidogo, ni jambo la kawaida. Ikipata mafuta, pete za pistoni zimechoka. Ikilowa na kuwa na harufu ya utamu, maji ya rejeta yanaingia mahali yasipotakiwa.

Kutoka kwake nilijifunza pia kutoiamini dashibodi. Namba za kilomita hubadilishwa na mtu yeyote mwenye saa moja na kifaa kinachofaa, ila ni wachache wanaokumbuka kubadilisha raba ya pedali ya breki. Gari linalodai kilomita elfu sitini na pedali yake imelika mpaka chuma linajisema lenyewe. Tairi hupigwa muhuri wa wiki na mwaka lilipotengenezwa. Mkanda wa kiti una tarehe yake. Vioo vya milango vina alama, na kimoja kisipofanana na wenzake kuna siku kilivunjika. Ukiinua zulia la chini na kukuta vumbi la udongo mfinyanzi, gari hilo liliwahi kuogelea.

Na kilomita zenyewe, hata zikiwa za kweli, hazisemi yote. Gari lililokaa Dar es Salaam husimama kwenye foleni saa nzima likinguruma bila kuongeza hata kilomita tatu. Injini imefanya kazi ya siku, namba imefanya kazi ya dakika tano. Nimewaeleza hili wanunuzi wengi, na wengi wameitikia kwa adabu, kisha wakaniuliza kama rangi ya fedha huuzika kirahisi.

Kuhusu kuaminika kwa gari nilikuja kuwa na maoni yangu, nayo ni haya: kuaminika si sifa ya gari peke yake. Ni makubaliano kati ya gari, njia na haja ya mwenye gari. Gari linalofaa kumpeleka mtu kanisani Jumapili, likilala njiani, litampunguzia mahubiri. Hasara hiyo huvumilika. Lakini wapo watu ambao hawana nafasi ya gari kulala njiani hata mara moja, na mkaguzi anatakiwa kumjua mtu kabla ya kulijua gari. Haya nayaandika kwa ufasaha sasa. Wakati nilipoyahitaji, sikuyatumia.

Kanuni kuu ya Mzee Mshamu ilihusu injini ya baridi. Injini iliyolala usiku kucha haiwezi kuficha kitu kwa dakika mbili za kwanza. Ikishapata moto, vyuma hutanuka, nyufa hujiziba, mitikisiko hutulia, na ugonjwa unaondoka mpaka kesho yake. Kwa hiyo alifika kwa muuzaji saa kumi na mbili na robo asubuhi, bila taarifa, na alipokuwa akisalimia alimpa mwenye nyumba mkono wa kulia huku wa kushoto ameuweka juu ya boneti. Kabla ya "hamjambo" kwisha alishajua kama gari limewashwa.

"Wa kulia wa adabu, wa kushoto wa kazi," alikuwa akisema.

Yeye aliweza. Alihesabiwa kuwa mtu wa pwani, na watu wa pwani tuliwasamehe mambo mengi. Mimi ni Mnyakyusa, mtoto wa hapa. Kwetu mzee hapewi mkono mmoja. Unainama, unamshika kwa mikono yote miwili, na unakaa hapo mpaka salamu zimalizike, nazo huchukua muda. Kisha mgeni haanzi shughuli kabla hajala. Miaka mingi nililikwepa tatizo hilo kwa kuwataka wauzaji walete magari karakanani jioni, nikayafungia uani, nikayawasha mwenyewe asubuhi. Ni utaratibu mzuri, na nawasihi ninyi mliobaki karakanani msiuache.

Sista Atupele, muuguzi wa zahanati huko Kawetele, alikuja karakanani siku ya Jumanne. Aliniamkia kwa haraka ya mtu aliyeacha wagonjwa kwenye foleni.

"Mkaguzi, nimepata gari. Liko Matwebe kwa Mzee Ambakisye. Binti yake alikuwa analitumia Dar, sasa amepata jingine. Unamjua?"

Nilimjua. Mzee Ambakisye alikuwa mkulima wa chai na mzee wa kanisa, tena ndiye aliyesimama na marehemu baba yangu siku nilipopata kipaimara.

"Alilete hapa Alhamisi jioni," nilisema.

"Hawezi. Anasema halina bima mpya, hataki askari wamsumbue barabarani. Na kuna mfanyabiashara wa Kyela anakuja Jumamosi. Mkaguzi, mimi sinunui gari la kutembelea. Unajua Mwalimu anavyokwenda."

Mwalimu Lusekelo alikuwa mumewe. Figo zake zilikuwa zimeacha kufanya kazi mwaka uliotangulia, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alitakiwa awe hospitalini Mbeya mapema asubuhi kusafishwa damu kwa mashine. Alikuwa akienda kwa basi dogo la abiria, na jioni alirudi amechoka kiasi cha kushikwa mkono kutoka kituoni mpaka nyumbani. Mara mbili alikosa nafasi. Sista alinieleza kinachotokea mtu akikosa: miguu huvimba, kisha pumzi hukata anapolala chali, kisha kinachofuata. Alieleza kwa sauti ya kikazi. Njia anayotakiwa kupita mnaijua. Kutoka Tukuyu inashuka Kiwira, kisha inapanda kwenda Isyonje ambako gari lolote lenye siri huitoa.

"Alhamisi asubuhi nitakwenda Matwebe," nilisema.

Sikutaka kumvizia mzee wa kanisa saa kumi na mbili. Nilituma salamu kwamba nakuja. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilizaa mengine.

Nilimkuta akinisubiri njia panda, mita mia mbili kabla ya nyumba yake, akiwa na mwavuli. Mvua ilikuwa imeanza.

"Ugonile, mwanangu!"

Niliinama, nikamshika kwa mikono yote miwili. Aliniuliza habari za mama, za watoto, za shamba la baba, za padre wetu mwenye mguu mbovu. Tuliongozana mpaka sebuleni. Gari lilikuwa nyuma ya nyumba kwenye banda la bati, na sikuliona hata tairi.

"Nilitamani kulitazama kwanza, baba, kabla mvua haijazidi," nilisema.

"Gari lina miguu?" aliuliza. "Litakimbia? Kaa. Mama yako ameamka tangu alfajiri kwa ajili yako."

Mkewe alileta ndizi zilizopikwa na maziwa, kisha kuku, na kwenye sahani yangu aliweka firigisi, kama anavyostahiwa mgeni wa kiume. Mtu akishakula firigisi ya mwenzake hana tena sauti ya kumwambia kwamba atarudi kesho. Tulipokuwa katikati ya chakula, Mzee Ambakisye aliinuka.

"Wewe kula. Ngoja nikuandalie gari, likupokee likiwa na moto."

Nilifungua mdomo. Ulikuwa na chakula. Mvua juu ya mabati ilikuwa kubwa kiasi kwamba mama wa nyumbani alinikaribisha mchuzi kwa ishara. Injini iliwashwa mita kumi kutoka nilipokaa, na mimi, niliyefundishwa kusikia vali iliyolegea kwa mpira wa maji, sikusikia kitu.

Nilipofika bandani ilikuwa inanguruma taratibu. Nililikagua gari kwa saa mbili na nusu. Sumaku ilishika bati pande zote. Pedali ililingana na kilomita. Zulia lilikuwa safi, matairi ya umri mmoja, mafuta ya gia boksi mekundu na hayakunukia kuungua. Leso ilibaki kavu. Nilipanda nalo mpaka barabara ya lami na kurudi, na halikutetemeka hata mara moja. Lilikuwa miongoni mwa magari mazuri niliyowahi kuyaona.

Taarifa yangu ilikuwa na vipengele thelathini na kimoja. Kipengele cha ishirini na tisa kilisomeka hivi: "Injini ilikutwa ya moto. Uwashaji wa baridi haukushuhudiwa." Kila neno lilikuwa kweli.

Sista Atupele aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Alikuwa msomaji mzuri, alifika mpaka huko.

"Hiki cha ishirini na tisa kina maana gani, Mkaguzi?"

"Kina maana kama kilivyoandikwa."

"Ni tatizo?"

"Sikushuhudia, kwa hiyo siwezi kusema ni tatizo wala si tatizo."

Alinitazama. "Sawa. Ungekuwa wewe, ungenunua?"

"Mkaguzi hanunui, Sista. Mkaguzi anaandika."

Jibu hilo nililipenda siku ile. Alikunja karatasi, akanishukuru, na Ijumaa alinunua gari.

Kwa wiki mbili Mwalimu alikwenda Mbeya akiwa amekaa vizuri, mkewe au shemeji yake akiendesha. Nilikutana nao sokoni Jumamosi moja. Mwalimu alishusha kioo na kunipungia mkono kama mkuu wa wilaya. Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, gari lilichemsha kwenye mwinuko wa Isyonje. Shemeji mtu alifanya kile anachofanya kila mmoja: alisubiri lipoe, akaongeza maji, likaenda kidogo, likachemsha tena. Lori la viazi liliwachukua. Walifika hospitalini wakati mashine imekwisha kupewa mtu mwingine, na Mwalimu alipata nafasi kesho yake jioni. Usiku huo wa katikati alilala akiwa ameketi.

Sista alinipigia simu siku ya Ijumaa. Hakuinua sauti.

"Mkaguzi, gari linakunywa maji. Na asubuhi linatetemeka kama mtoto mwenye homa, kisha linaacha. Moshi mweupe, lakini hapa kila gari lina moshi mweupe."

"Kesho asubuhi asiliguse mtu," nilisema. "Hata kufungua mlango."

Jumamosi nilifika Kawetele saa kumi na mbili na dakika tano. Niliweka mgongo wa mkono juu ya boneti kabla ya kubisha hodi. Ilikuwa baridi na imelowa umande. Sista alitoka amejifunga khanga mabegani, nami nilimsalimia nikiwa hapo hapo.

Aliwasha. Injini ilitetemeka kwa sekunde arobaini, silinda moja ikikosa pigo, kisha ikatulia. Moshi ulitoka mweupe, na wa gari la jirani aliyekuwa akijiandaa kwenda sokoni ulikuwa mweupe vilevile. Kwa macho usingeweza kutofautisha. Nilishika leso mbele ya ekzosi. Ililowa, na ilinukia utamu. Moshi wa jirani ulipotea ndani ya dakika nne. Wa kwetu ulipungua, haukuisha.

"Gasketi ya silinda hedi, kile kipande chembamba kinachoziba sehemu ya juu ya injini," nilisema. "Maji yanavuja kidogo kidogo ndani ya silinda gari likiwa limelala. Likipata moto, panajiziba. Dar es Salaam, kwenye joto na tambarare, lingeweza kukaa hivyo miaka. Mlima wa Isyonje umeifungua."

"Hiyo ndiyo ishirini na tisa?"

"Ndiyo hiyo."

Alizima injini. "Mimi mgonjwa akija zahanati na dawa imekwisha, simwandikii kwamba dawa haikushuhudiwa. Namwambia, mama, panda pikipiki uende Tukuyu sasa hivi."

Nilikunja leso iliyolowa, nikairudisha kwenye mfuko wa turubai.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Matwebe. Mzee Ambakisye alikuwa akikata matawi ya chai na aliendelea kukata nilipokuwa nikieleza.

"Asubuhi lilitoa moshi mweupe, ndiyo," alisema. "Hapa nani hatoi? Hata mimi natoa. Tazama." Akapumua, na kweli ukatoka.

"Na kutetemeka, baba?"

"Na mimi natetemeka. Ni baridi." Kisha akaweka panga chini. "Unafikiri nililiwasha ili nikufiche?"

"Sijui."

"Nililiwasha kwa sababu ulikuwa mgeni wangu. Ungependa ukae kwenye kiti cha baridi na mvua ile?"

Nimelipima jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Namna alivyoniambia kwamba atanipokea kwa gari lenye moto ni namna ileile anayotumia mtu kumwekea mgeni maji ya kuoga. Vilevile, mtu anayetaka kuficha angesema maneno hayohayo. Sikupata ushahidi wa upande wowote, na hapa siandiki hukumu.

Gari lilivutwa mpaka karakanani, na kwa ruhusa ya mkuu wangu nililifanyia kazi mwenyewe, nje ya saa za kazi, kwa siku kumi na moja, nyingi zikiwa za kusubiri gasketi kutoka Dar es Salaam. Mzee Mshamu alikuwa amestaafu, macho yake yamefifia, lakini alikuja kwa fimbo kuigusa silinda hedi kwa ncha za vidole aone kama imepinda. Nilimweleza yote. Aliuliza swali moja tu.

"Ulipomsalimia, mikono yako ilikuwa wapi?"

"Yote miwili ilikuwa kwa mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha alirudia kupitisha vidole, polepole, kutoka silinda ya kwanza mpaka ya nne. "Haijapinda," alisema. "Mungu amekuhurumia wewe, na mimi sijui kwa nini."

Siku ya saba Mzee Ambakisye alikuja bila kuitwa, akakaa juu ya tairi chakavu. "Nionyeshe," alisema. Nilimpa gasketi ya zamani, nikamwonyesha ule mstari mweusi, mwembamba kama unywele, kutoka tundu la maji mpaka silinda ya tatu. Aliigeuza geuza kwa muda mrefu.

"Kumbe kitu chenyewe ndicho hiki."

"Ndicho hiki, baba."

Aliirudisha, akaaga, akaondoka. Kesho yake alipeleka Kawetele mkungu wa ndizi na kuku jogoo. Sista alipokea ndizi. Jogoo alimrudisha.

Katika siku hizo kumi na moja nilimpeleka Mwalimu Lusekelo Mbeya mara tano kwa pikapu yangu, ambayo haina sifa yoyote isipokuwa kwamba kila asubuhi naiwasha ikiwa ya baridi na naijua. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini safari ya pili, tulipokuwa tukipanda Isyonje kwa gia ya pili, alizungumza bila kugeuza kichwa.

"Nilisoma taarifa yako. Mke wangu alinionyesha."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimesahihisha insha miaka thelathini. Kuna insha haina kosa hata moja, hati nzuri, aya zimepangwa, na mwanafunzi hajajibu swali. Unajua tulikuwa tunaipa alama ngapi?"

"Ngapi?"

"Ilikuwa inatutesa sana," alisema. "Endesha, utachelewa."

Gari lilipokamilika nilililaza uani kwa siku tatu, nikaliwasha kila asubuhi mbele ya Sista Atupele. Leso ilibaki kavu siku zote tatu. Siku ya tatu aliniuliza tena lile swali lake, nami nilijibu kwamba ningelinunua.

Mwezi uliofuata niliandika upya fomu ya ukaguzi. Mnaitumia bado, na baadhi yenu mmeniuliza kwa nini mstari wake wa kwanza hauhusu jina la mwenye gari wala namba ya usajili. Unasema: "Injini ilikutwa ya baridi? Ndiyo au hapana. Ikiwa hapana, simamisha ukaguzi, rudi siku nyingine." Na wa mwisho unasema: "Mnunuzi atalitumia kwa kazi gani, na je, wewe ungelinunua kwa kazi hiyo?" Hapo pana nafasi ya mistari minne. Naona wengi mnaandika neno moja. Linatosha, mradi mmelisema pia kwa mdomo.

Magari mengine nilianza kuyakagua nyumbani kwa wauzaji, na wazee niliendelea kuwasalimia kwa mikono miwili, lakini baada ya gari na si kabla. Baadhi waliona nimekosa malezi. Mzee mmoja wa huku Tukuyu alisema wazi kwamba seminari iliniharibu.

Gari la Sista lilimpeleka Mwalimu Lusekelo Mbeya siku tatu kila wiki kwa miaka minne na miezi miwili, na halikulala njiani. Mwalimu alifariki nyumbani kwake siku ya Alhamisi, akiwa amelala chali kama watu wengine. Nilipofika msibani gari lilikuwa uani, na nilipopita niliweka mkono wa kushoto juu ya boneti kwa mazoea. Ilikuwa ya baridi. Sista Atupele bado analitumia kwenda zahanati.